Kuandika historia yako ya utafiti na ufundishaji: mwongozo kwa mhitimu wa kemia na baiolojia ya molekuli aliyeko Mtwara au Lindi

Nilikuwa steshenari jirani na stendi ya Mtwara, nasubiri mtihani wa majaribio wa Kidato cha Tatu utoke kwenye mashine, kijana mmoja akaniamkia. "Shikamoo mwalimu." Marahaba. Alikuwa anachapa wasifu wake, kurasa sita. Akaniomba niupitie kabla hajalipia.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jina, dini, hali ya ndoa, jina la baba na mambo anayopenda, mpira ukiwamo. Shule ya msingi ilikuwa na aya yake. Ukurasa wa nne, katikati, ndipo nikakutana na mstari huu: "Utafiti wa shahada ya kwanza: kubaini virusi vya muhogo kwa mbinu za kisasa za baiolojia ya molekuli." Basi. Miaka mitatu ya chuo, mstari mmoja.

Nikamuuliza, ulifanya nini hasa? Akaongea dakika ishirini. Jinsi walivyopanda pikipiki kwenda Newala kuchuma majani, jinsi barafu ilivyoyeyuka njiani, jinsi alivyorudia kazi mara tatu kabla haijakubali. Yote ya kuvutia, na hakuna hata moja lililokuwa kwenye karatasi. Yeye ndiye aliyenifanya niandike haya. Wahitimu wa fani hii walio huku Kusini wana kazi nyingi mikononi mwao kuliko wanavyojua, ila wanaandika vichwa vya habari na kuacha habari yenyewe.

Hatua ya kwanza: lifukue daftari la maabara

Usifungue kompyuta kwanza. Tafuta daftari. Kama liliachwa chuoni au limeliwa na mchwa, fungua picha za simu za kipindi kile, kundi la WhatsApp la mliofanya nao mradi, na ripoti uliyomkabidhi msimamizi. Kaa chini na karatasi iliyogawanywa safu tatu. Ya kwanza: nilifanya mwenyewe. Ya pili: tulifanya pamoja. Ya tatu: nilitazama wakifanya.

Safu ya tatu ndiyo inayookoa watu. Mimi usaili wangu wa kwanza ulinishinda hapo. Niliandika kwamba nina uzoefu wa kupitisha DNA kwa umeme kwenye jeli ya agarosi, ili vipande vyake vitengane kwa ukubwa, nikaulizwa swali jepesi kuliko yote: jeli yako ilikuwa asilimia ngapi? Nikatoa macho. Jeli ilikuwa inamiminwa na fundi wa maabara asubuhi kabla hatujafika. Sisi tulikuwa tunakuta imeganda, tunadondoshea sampuli kwenye vishimo, tunawasha umeme. Ningeandika "nilipakia sampuli na kusoma matokeo", nisingeaibika, na huenda kazi ningepata. Kupima gramu moja ya agarosi kwa mililita mia za bafa, kuchemsha mpaka ing'ae, kuacha ipoe kiasi cha kushikika, kisha kumimina, ni kazi ya saa moja kujifunza. Lakini kama hujaifanya, hujaifanya.

Kwa kila kilichomo safu ya kwanza, andika tarakimu pembeni. Sampuli ngapi, mara ngapi, kwa muda gani, ngapi zilifeli. Usione haya na zilizofeli. Mtu aliyewahi kukaa maabara akiona sampuli 48 zimeingia na matokeo 48 mazuri yametoka, ataanza kutilia shaka hata tarehe yako ya kuzaliwa.

Hatua ya pili: aya ya utafiti

Hapa ndipo pa kutumia muda. Mstari wa yule kijana tuliugeuza ukawa hivi (tarakimu nimeweka za mfano, ili asijulikane; kwa asiye wa fani, RNA ni ndugu wa DNA, CTAB ni kemikali ya kutolea vinasaba, PCR ni njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, na praima ni vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia kunakili):

"Nilikusanya majani ya muhogo 48 kutoka mashamba ya vijiji vinne, nikiandika dalili za kila mmea. Nilitoa RNA kwa njia ya CTAB, nikapima wingi na usafi wake. Sampuli 7 nilizitupa kwa kuwa zilikuwa zimeharibika. Zilizobaki 41 niliigeuza RNA yake kuwa DNA nakala, nikafanya PCR kwa praima za virusi vya michirizi ya kahawia, nikasoma matokeo kwenye jeli ya agarosi ya asilimia 1.5. Praima zilichaguliwa na msimamizi wangu. Kuchora ramani ya mashamba tulifanya wawili."

Soma tena sentensi mbili za mwisho. Zinaonekana kama zinampunguzia, kumbe ndizo zinazofanya zile za juu ziaminike.

Sasa angalia mtego uliomo ndani. Kijana alikuwa ameandika mahali fulani kwamba "alitoa DNA ya virusi vya michirizi ya kahawia". Virusi hivyo havina DNA. Vinasaba vyake ni RNA, ndiyo maana kuna ile hatua ya kugeuza kabla ya PCR. Batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo, ndiyo yenye virusi vya DNA. Magonjwa yote mawili yanabebwa na inzi weupe, yote yanakaa shamba moja, pengine kwenye mmea mmoja, na mtu aliyechoka anachanganya. Ila ukiyachanganya mbele ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, usaili umekwisha kabla ya chai. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia si mgeni kwao hata kidogo: ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1936, na H. H. Storey, hapa hapa Tanganyika, na ukanda huu wa pwani umeishi nao tangu hapo. Mkulima wa Nanyamba anaujua kwa jinsi muhogo unavyokuwa na madoa makavu ya kahawia ndani ukiukata, hata kama majani juu yanapendeza.

Kila kemikali au hatua unayoitaja, uwe na jibu la "kwa nini" mfukoni. Usiiandike, lakini uwe nayo. Kwa nini CTAB? Kwa sababu jani la muhogo limejaa sukari nzito na tanini, ukitumia njia rahisi unapata uteute wa kahawia ambao PCR haiutaki. CTAB kwenye chumvi nyingi inasaidia kuuacha uchafu huo nyuma. Ulijuaje kwamba RNA ni safi? Uwiano wa usomaji wa mwanga kwa nanomita 260 na 280 ulikuwa karibu na 2.0, ingekuwa DNA ungetarajia 1.8 hivi. Kwa nini sampuli saba ziliharibika? Kwa sababu RNA haivumilii joto wala uzembe, hata ngozi ya vidole vyetu ina vimeng'enya vya kuikatakata, na barafu iliyonunuliwa Mtwara mjini haifiki mbali juu ya pikipiki. Jibu hilo la mwisho, lenye pikipiki ndani yake, linaonyesha kwamba ulikuwepo.

Kama utafiti wako ulikuwa wa kitu kingine, kanuni ni ile ile. Aliyefanya kazi ya ubwiriunga wa korosho aseme alihesabu mashada mangapi ya maua na kwa kipimo gani cha ugonjwa, badala ya kusema alishughulikia magonjwa ya korosho. Aliyechambua maji ya visima vya Lindi aseme alipima nini: kloraidi, nitrati, uchachu.

Neno moja kuhusu lugha. Nyaraka nyingi za kazi hizi utaziandika kwa Kiingereza. Sawa. Lakini kwanza ziandike kwa Kiswahili, kama unavyomsimulia dada yako. Kiingereza cha ripoti kina maneno ya kujificha nyuma yake, ya kushiriki na kuchangia na kuwezesha, na Kiswahili cha nyumbani kitakuuliza palepale: ulishiriki vipi? Ulishika nini?

Hatua ya tatu: kemia yako isizikwe

Wahitimu wengi wa fani hizi mbili wanapenda kutanguliza baiolojia ya molekuli kwa sababu inasikika ya kisasa, kemia wanaisogeza chini. Kwa mazingira yetu ni kosa. Mashine za PCR Mtwara na Lindi si nyingi. Bureti, yale mabomba yenye vipimo ya kudondoshea kimiminika, zipo kila sekondari yenye maabara. Ofisi ya kanda ya Mkemia Mkuu wa Serikali ipo Mtwara, kiwanda cha saruji cha Dangote kina kazi za kupima ubora, na watu wa gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo nao wana maji na kemikali za kupima.

Kwa hiyo aya ya kemia iwepo, hata fupi. Taja miyeyusho uliyotengeneza na kuihakiki, si "maandalizi ya miyeyusho". Mtu anayejua kwamba gramu 4 za sodiamu haidroksaidi kwenye lita moja zinampa mola 0.1, na anajua pia kwamba myeyusho huo hauaminiki mpaka uhakikiwe, maana sodiamu haidroksaidi inanyonya maji na hewa ya ukaa hata ukiwa unapima (na kwa unyevu wa Mikindani inalowa mbele ya macho yako), huyo amefanya kazi kweli. Taja usalama: ulitunza vipi asidi, ulimwaga wapi mabaki. Hapa wengi hawaandiki chochote, na waajiri wa viwandani hapo ndipo wanapoanzia kusoma.

Hatua ya nne: ufundishaji

Umefundisha kwa kujitolea shule ya kata huku unasubiri ajira, halafu unaandika "mwalimu wa kujitolea, 2022 hadi 2023, Kemia na Baiolojia". Huo ni uonevu, na unajionea mwenyewe.

Anza na hesabu: vidato gani, mikondo mingapi, wanafunzi wangapi kwa mkondo, vipindi vingapi kwa wiki. Kisha mazoezi ya vitendo: uliyafanya mangapi kwa muhula, na wanafunzi walishika vifaa wenyewe au walitazama wewe ukishika? Kama bureti zilikuwa nne kwa wanafunzi sitini, sema hivyo, na useme uliwagawaje. Niliwahi kufundisha taitresheni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, la duka la dawa, badala ya bureti. Usahihi haukuwa wa kujivunia, ila kila mtoto aliona rangi ikigeuka mkononi mwake. Kiashiria, yaani kile kinachobadili rangi kwenye asidi au besi, tulichemsha rosela: ndimu inaipeleka nyekundu, maji ya majivu yanaipeleka kijani. Haya mambo yaandike. Usidhani ni ya kimaskini. Mkuu wa shule anayesoma ana maabara kama hiyo hiyo, na anatafuta mtu ambaye hatakaa ofisini akisubiri vifaa viletwe.

Halafu onyesha pale ambapo digrii yako imeingia darasani. Mfano ninaoupenda ni wa kutoa DNA kwenye ndizi mbivu, na nitaueleza wote, kwa sababu ukishaufanya mara moja utakuwa na kitu cha kuandika na kitu cha kufundishia siku ya usaili wa somo la majaribio.

Ponda nusu ndizi kwenye mfuko wa plastiki mpaka isibaki bonge. Kwenye kikombe changanya maji kiasi cha nusu glasi, kijiko kidogo cha chumvi na vijiko viwili vidogo vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Koroga taratibu, povu lisijae. Changanya na ndizi, acha dakika kumi. Chuja kwa kitambaa safi cha kanga ya zamani kwenye glasi nyembamba. Sasa chukua spiriti iliyopoa sana, inamisha glasi, mimina polepole pembeni ili spiriti ikae juu isichanganyike. Subiri. Baada ya dakika chache, pale vimiminika viwili vinapokutana, utaanza kuona vinyuzi vyeupe vinapanda kama kamasi. Zungushia kijiti cha mshikaki, vinajikunja juu yake. Sisi spiriti tulikuwa tunaiomba nafasi kwenye friji la soda la duka la nje ya geti, tumeiandika SUMU kwa herufi kubwa, na muuzaji aliihamishia rafu ya chini kabisa akihofia wateja.

Mwanafunzi atauliza, na usaili utauliza. Sabuni inafanya nini? Utando wa seli ni mafuta, sabuni inauvunja, kama inavyovunja mafuta ya samaki kwenye sahani. Chumvi je? DNA ina chaji hasi, nyuzi zinasukumana. Chumvi inazituliza zishikamane. Spiriti? DNA inayeyuka kwenye maji lakini kwenye alkoholi haiyeyuki, basi inajitenga. Na ukitaka kuwa mkweli zaidi, waambie kwamba kile cheupe si DNA tupu, kina protini na mabaki mengine. Mwalimu anayesema hivyo ndiye aliyewahi kupima usafi wa kitu alichokitoa.

Andika na kilichoharibika, kama kilikufundisha kitu. Mwaka wangu wa pili nilitaka kufundisha fenoli, kundi mojawapo la kemikali, kwa kitu cha nyumbani, nikawaambia wanafunzi walete maganda ya korosho mabichi tukamue mafuta. Niliyajua kwenye vitabu: asidi ya anakadiki, kadoli, na kwamba ukichoma korosho asidi hiyo inapoteza hewa ya ukaa na kuwa kadanoli. Glovu zilikuwa chache. Wawili walivimba vidole, mmoja alijifuta jicho, tukamwosha kwa maji mengi na kumkimbiza zahanati, alipona. Bibi yake alinijia kesho yake, akanisikiliza maelezo yangu yote ya kemia, kisha akasema, "Mwalimu, mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, kila mtoto wa huku anajua. Walikutii tu kwa kuwa ni mwalimu." Tangu hapo kila zoezi langu la vitendo lina karatasi ya hatari zake, na kwenye wasifu wangu kuna mstari unaosema niliandaa taratibu za usalama za maabara ya shule. Nikiulizwa zilitokana na nini, nasimulia hii.

Jambo la mwisho la ufundishaji, na ni la hapa kwetu hasa: msimu. Korosho zinaokotwa kuanzia karibu Septemba na kuendelea, minada inaanza Oktoba, na Kidato cha Nne wanakaa mtihani wa taifa Novemba. Mahudhurio yanapungua wakati ule ule marudio yanapotakiwa. Kama ulifundisha vijijini Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa au Nachingwea, lazima ulikutana nalo, na lazima ulifanya kitu: ulisogeza mazoezi ya vitendo yakaisha Agosti, ulifundisha jioni, ulikwenda kuongea na wazazi. Ulichofanya kiandike. Waombaji wa kutoka mbali hawana mstari huo.

Kama huna mafunzo ya ualimu, usijiite mwalimu mwenye taaluma. Sema una shahada ya sayansi, umefundisha muda fulani, na kama umeanza stashahada ya uzamili ya ualimu taja umefikia wapi.

Hatua ya tano: huyu anayesoma ni nani?

Wasifu mmoja kwa kila tangazo ni uvivu. Vipande ni vile vile, mpangilio ndio unaobadilika. Ukipeleka shuleni, ufundishaji ukurasa wa kwanza, utafiti aya moja iliyogeuzwa ieleweke na asiye mtaalamu. Ukipeleka kituo cha utafiti, daftari la maabara linatangulia, pamoja na kazi ya shambani: lugha unazoongea na wakulima, kama unapanda pikipiki, kama umewahi kujaza dodoso. Ukimwandikia profesa unayetaka akusimamie shahada ya uzamili, mpe ukurasa mmoja, na ndani yake swali moja ambalo utafiti wako wa kwanza uliliacha wazi. Swali hilo lina uzito kuliko sifa zako zote.

Hospitali ni jambo jingine. Ligula, Sokoine ya Lindi, Ndanda, zote zina maabara, na mhitimu wa baiolojia ya molekuli anaziona anadhani ni kwake. Kumhudumia mgonjwa maabara kunataka mafunzo ya maabara za afya na usajili wa baraza lao. Usipoteze nauli kabla hujasoma tangazo.

Wadhamini

Watatu wanatosha: aliyekusimamia utafiti, aliyekuona ukifundisha, na mmoja aliyekuona ukifanya kazi yoyote. Waombe kabla hujawaandika. Watumie wasifu wenyewe, wasome ulichosema umefanya, maana wakipigiwa simu wakasema "nilidhani alikuwa kwenye kundi la mihogo, au la ufuta?" umekwisha. Diwani na mjomba mwenye cheo waache.

Kabla hujachapa

Msomee mtu kwa sauti. Awe mtu asiye wa fani, na akukatize kila asipoelewa. Kisha chukua kila kitenzi ulichoandika ujiulize: nikipelekwa maabara kesho asubuhi nikaambiwa nionyeshe, nitaonyesha? Kama jibu ni "nikikumbushwa kidogo", rudi kwenye daftari jioni hiyo. Kama ni hapana, futa.

Yule kijana tulikaa naye mpaka adhuhuri. Dini na mpira viliondoka, shule ya msingi ikawa mstari. Majani ya muhogo yalipanda ukurasa wa kwanza, shule aliyojitolea Kitangari ikafuata na vipindi vyake ishirini na mbili kwa wiki. Ulipotoka kwenye mashine ulikuwa na kurasa mbili. Mama wa steshenari alizihesabu, akazihesabu tena, akanitazama. "Mwalimu," akasema, "kesho usije."